Siku Niliyonasa kwenye Springi ya Odera

Mkinicheka sitawalaumu. Hata mimi mwenyewe, miaka yote hii, nikiikumbuka siku ile nikiwa bafuni peke yangu hujikuta nimejifunika uso kwa taulo, ati mtu mzima, baba wa watoto, naona haya mbele ya sabuni. Mke wangu anaujua mkasa huu na huucheka kuliko watu wote, ila kuna kipande cha mwisho ambacho nikikifikia yeye huacha kucheka, huinuka akaenda kuangalia sufuria.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kukaa Makadara, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha viatu kule Baba Dogo, mwembamba kama ufito, suruali yenye miguu mipana kama kengele (ndiyo ilikuwa mitindo ya miaka hiyo ya sabini, na nyinyi mngeivaa) na nywele nimezichana zikasimama. Milango michache kutoka kwangu alikaa Mzee Musyoka, mchonga vinyago kutoka Ukambani, pamoja na binti yake Mwende.

Sasa Mwende nimweleze vipi? Alikuwa anaimba kwenye kwaya ya kanisa letu, na wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili kwenye kamba za kuanikia nguo, akiwa na vibanio mdomoni, kwa hiyo wimbo ulikuwa unatoka puani tu, hauna maneno, na mimi nilikuwa nauelewa wote. Akicheka alikuwa lazima ashike kitu kilicho karibu, ukuta, ndoo, bega la jirani, kama mtu anayeogopa kuanguka. Nilikuwa nafua mashati yaliyo safi ili nami niwe na sababu ya kuanika. Mashati yangu yalipauka kwa kufuliwa bila uchafu, na bado sikuwa nimemwambia chochote zaidi ya "habari ya asubuhi" na "leo jua ni kali".

Halafu kulikuwa na Odera. Odera alikuwa fundi wa karakana ya reli, si mrefu, si mnene, lakini mikono yake ilikuwa kama imekopwa kwa mtu mwingine mkubwa zaidi. Kila Jumamosi alikuwa kwenye ukumbi wa mtaa, pale vijana walipokuwa wakiinua vyuma, na sisi wengine tukienda kumtazama tu. Alikuwa anaviringisha msumari mrefu kwenye kitambaa na kuukunja kama mtu anayekunja kona ya karatasi. Alikuwa anabana visahani viwili vya chuma laini kwa ncha za vidole, akavitembeza ukumbi mzima bila kimoja kuteleza. Lakini kilichotuleta hasa ni springi. Mhindi mmoja, mkubwa wake kazini, alipohamia ng'ambo alimwachia kile chuma: vishikio viwili vyenye matuta matuta ya kukwaruza kiganja, vimeunganishwa juu kwa springi nene kama kidole gumba. Kazi yake ni kukikamua kwa mkono mmoja mpaka vishikio vigusane. Basi. Ukisikia hivyo unaona ni mchezo. Wabeba mizigo wa sokoni walikuja wakajaribu, mpiga ngumi mmoja alikuja akajaribu, vishikio vikasogea kidogo, vikawacheka, vikarudi. Odera alikuwa anavifunga polepole huku anaongea mambo mengine, halafu anamwambia mtu aweke leso katikati na kuivuta, na leso haitoki mpaka ichanike.

Jumamosi moja Mwende alikuja na rafiki yake, akaona, akamshika rafiki yake bega, akasema, "Aki, mkono kama huo!"

Ni hayo tu aliyosema. Nami nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Ndiyo nikaanza mazoezi. Nilikamua taulo zilizolowa, nilikamua mpira mkuukuu wa tenisi ndani ya mfuko wa koti njia nzima ya kwenda kazini, hata vikombe vya chai nilivishika kama vinataka kutoroka. Odera, mtu mzuri, aliponiona nimedhamiria akaniruhusu kujaribu springi yake kila Jumamosi baada ya watu kuondoka. Na haki ya Mungu, vishikio vilianza kunisikia. Nafasi katikati ikabaki ya kidole, kisha ya kalamu. "Omera," Odera akaniambia, yaani ndugu kwa Kijaluo chake, "ukizidi hivi utaifunga. Lakini usiwe na haraka. Chuma kinajua mtu mwenye haraka."

Kisha habari ikaja kwamba Mwende amepata nafasi ya kusomea unesi Mombasa, na anaondoka Jumatatu alfajiri.

Mzee Musyoka akaandaa sherehe ya kumuaga, Jumapili mchana baada ya ibada, pale pale ukumbini: chapati, pilau, soda, kwaya yote, majirani wote, na Odera kuwatumbuiza watu kwa mikono yake. Nikamwomba Odera anipe nafasi nijaribu mbele ya watu. Mpango wangu ulikuwa huu, na msiucheke kabla sijamaliza: niifunge springi, watu wapige makofi, na katika yale makofi, wakati hakuna anayeweza kusikia mwingine, nimwendee Mwende nimwambie. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Yalikuwa machache na mazuri, na mpaka leo ninayajua.

Tatizo lilikuwa jasho. Zamu yangu ilipokaribia, viganja vyangu vilikuwa vinatiririka kama bomba bovu, na chaki ya Odera ya kukaushia viganja ilikuwa imekwisha. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso, nikagusa kopo dogo la gundi. (Soli ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imeanza kufunguka, nikabeba gundi ya kazini niipake nikipata nafasi.) Nikajiambia, kidogo tu, ya kushikilia. Hilo ndilo wazo dogo lililoniponza. Nikatoka nyuma ya ukumbi, nikajipaka kiganjani na kwenye vidole, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kazi hiyo nikapunga mkono hewani ikauke kwanza, maana gundi ile ukiiacha ikauke kidogo ndipo inapouma sawasawa.

Nilipopanda jukwaani Odera akanusa. "Omera, mbona unanuka kiatu?"

"Ni koti," nikasema, nikaichukua springi.

Nikaikamua. Nilimwona Mwende mbele, gauni la kijani, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, na nikakamua mpaka nikaona nyota za mchana, vishikio vikaja, vikaja, ikabaki nafasi ya karatasi, watu wakaanza kusimama, na hapo mkono ukakata tamaa. Vikarudi. Watu wakaguna kwa huruma, wakapiga makofi hayo hayo ya huruma, na Odera akanyoosha mkono nimrudishie chuma chake.

Mkono haukufunguka.

Nilivuta kidole cha shahada, kikakataa. Nikavuta vyote kwa siri, vikakataa vyote kwa pamoja, kama vimefanya mkutano. "Najaribu tena," nikasema kwa sauti, na watu wakanishangilia. Nikakamua, ikashindikana. Odera akanyoosha mkono. "Mara nyingine moja," nikasema. Nikakamua tena, sasa hata nusu haikufika, na watu wakaanza kutazamana. Mwimbaji mmoja wa sauti ya besi akapaza, "Kijana, si uwaachie wenye mikono!" Na mimi nimesimama pale, mkono umejikunja kama kucha za mwewe, natabasamu.

Ndipo Mzee Musyoka, kwa wema wake, akainuka kuniokoa. Akapanda jukwaani polepole, akasema watu wote wasikie, "Mwanangu, umejitahidi. Chuma hicho kimewashinda wakubwa." Akaninyooshea mkono wa kulia.

Nikampa wa kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono wangu wa kushoto kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza. "Wanjala," akasema taratibu, "hivi ndivyo kwenu mnavyomsalimia mzazi?" Nilitaka kueleza, ulimi nao ukawa kama umepakwa gundi, na mguu ukaamua peke yake. Nilishuka jukwaani, nikapita katikati ya watu, nikatoka mlangoni mbio, springi ya Odera mkononi.

Wa ndani waliniona kama mwendawazimu. Wa nje, ambao hawakujua chochote, waliona kijana anakimbia na kitu cha watu. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Jamani, neno hilo Makadara halikuwa la utani. Nilisikia miguu nyuma yangu, nikaona mwanamume ameinama kuokota jiwe, na soli yangu ya kushoto (ile ambayo gundi yake nilikuwa nimeipeleka kwingine) ikafunguka yote, ikawa inapiga makofi kila hatua, pa, pa, pa, mpaka nikajikwaa nikaanguka kifudifudi kando ya bomba la maji. Nikainua mkono juu, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo: "Si mwizi! Nimenasa! Nimenasa!"

Odera alifika wa kwanza, akasimama kati yangu na yule wa jiwe. Akanishika mkono, akavuta, nikalia. Akautazama vizuri, akaunusa, akaelewa. Mtu yule aliyekunja misumari alijaribu kunitoa kwa upole kidole kimoja na hakuweza, akaanza kucheka, na alipowaeleza wale watu, kicheko kilizunguka bomba lile kikarudi ukumbini, nikakisikia kinapokelewa kule kama wimbo.

Ndipo Mwende akaja. Alikuwa na chupa ya mafuta ya taa na kopo la mafuta ya kupikia, amejifunga leso ya kanga juu ya gauni la kijani. "Mwacheni," akawaambia. "Rudini mkale. Odera, warudishe watu." Na watu wakarudi.

Akaketi kwenye ukingo wa saruji, akaniweka mkono kwenye goti lake, juu ya ile leso, akaanza kunimiminia mafuta kidogo kidogo na kuyasugua kati ya kidole na chuma.

"Wanjala."

"Ndiyo."

"Umejipaka gundi ya viatu."

"Kidogo tu."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya bomba kwa mkono wenye mafuta. Kisha akairudia kazi yake. Kidole kidogo kikatoka. Alikipuliza. Harufu ya mafuta ya taa, pilau inanukia kwa mbali, kwaya imeanza wimbo ule ule wa kwenye kamba za nguo, sasa una maneno, na mtu niliyempenda ameushika mkono wangu, na nilijua kesho muda kama huo atakuwa mbali.

"Usiharakishe," nikasema.

Akainua macho. "Nisiharakishe?"

"Ngozi," nikasema. "Isije ikachubuka."

"Haya." Akaendelea, na kwa kweli hakuharakisha. Kilipobaki kidole cha mwisho akasimamisha mkono, akaniuliza, bila kucheka, "Wanjala, wewe hasa ulikuwa unataka nini leo?"

Maneno yalikuwapo. Yalikuwa machache, nimewaambia. Hapakuwa na mtu wa kutusikia. Na mimi, kwa uso wangu wote wenye vumbi, nikajibu, "Nilitaka kuifunga. Hiyo springi."

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Akakitoa kile kidole. Akaipangusa springi kwa upindo wa leso yake. "Nitampelekea Odera," akasema. "Hapo palipochubuka paka mafuta, usipafunge sana." Nikamtazama akitembea kurudi ukumbini, na sikumfuata, kwa sababu ya kile kicheko, na kwa sababu ya kiatu.

Jioni ile yote nilijifungia chumbani. Kesho yake nilienda kazini, na niliporudi nikamkuta Mzee Musyoka mlangoni kwangu. Nilianza kuomba radhi kwa ule mkono wa kushoto, akanikatiza. "Mwende ameshanieleza. Yamekwisha." Akaomba kuuona mkono, akaugeuza huku na huku kama anavyogeuza kipande cha mpingo, akaridhika. Halafu, akiwa anaondoka, akasema kama jambo dogo, "Jana alikaa pale nje na masanduku yake mpaka baridi ikamrudisha ndani. Nikamwambia aingie, akasema kuna mtu labda atapita kumuaga. Sijui alikuwa anamngoja nani."

Nilipita mbele ya mlango wao baadaye. Kamba ilikuwa tupu, na vibanio vyake amevipanga vizuri upande mmoja.

Mwende alimaliza masomo, akaolewa huko huko Pwani na mtu ambaye nimesikia ni mpole. Alikuja kumsalimia baba yake mara kadhaa, kila mara mimi nikiwa kazini, na kila mara majirani wakaniambia aliniulizia. Mimi nami Mungu alinipa nyumba yangu, sisemi kinyume.

Ila niliapa. Gundi siigusi, hata kiatu kikifunguka nakipeleka kwa fundi. Na tangu siku ile mtu akiniuliza nataka nini, namwambia. Ikiwa ni chai nasema chai, ikiwa ni ruhusa nasema ruhusa, na mke wangu huyu siku aliyoniuliza nilimjibu kabla hajamaliza swali, akashtuka. Watu husema Wanjala ni mtu wa kusema wazi, hana kuzungukazunguka. Ni kweli. Nilikuwa hivyo kuanzia Jumatatu ile aliyoondoka Mwende.