Penalti Iliyozimwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo. Nilikuja nimevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi na shati la kuazima, nikitegemea kukabidhiwa redio, kwa sababu kazi niliyoandikwa ilikuwa ya mtunza redio katika ukumbi wa maendeleo, hapa Sumbawanga. Fundi wa serikali aliyetoka Mbeya kuja kuufunga mtambo alinitazama, kisha akanyoosha kidole nyuma ya ukumbi.

"Kijana, kachote maji umwagie pale kwenye kile chuma."

Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Redio ya siku zile ilihitaji nyaya mbili. Wa kwanza, eriali, tuliupandisha juu ya mlingoti wa mkaratusi ili unase mawimbi. Wa pili uliteremka mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini. Udongo ukikauka, sauti hukwaruza kama mtu anayekaanga bisi, na ukilowa husafika. Sasa nyinyi mnaujua upepo wa kiangazi cha Ufipa unavyokausha hata matope ya kisimani. Kwa hiyo kila mchana nilikuwa nyuma ya ukumbi na ndoo yangu, na watu waliokuwa wakienda sokoni hawakuniacha.

"Wewe, hicho chuma kitaota lini?"

"Kikiota utakuja kuomba mbegu," niliwajibu.

Jambo la pili alilonifundisha fundi yule lilikuwa betri. Umeme haukuwapo. Redio ilitumia betri kavu, kubwa na nzito kama tofali la kuchoma, ambayo ikiisha haichajiwi. Unaitupa ukangoja nyingine ije na lori la Bwana Nassoro, mfanyabiashara aliyekuwa na duka mkabala na ukumbi. Mvua zikianza, barabara hujaa matope na lori halitoki. Maana yake ni kwamba kila saa mliyosikiliza stesheni moja mliikata katika saa za stesheni nyingine. Shikeni hilo, kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo.

Nasikia wajukuu zangu wakibishana mbele ya televisheni ni kituo gani kinaonyesha ligi vizuri. Sisi tulibishana hivyo hivyo kabla baba zao hawajazaliwa, tukiwa kwenye mabenchi ya ukumbi, tumejifunika mablanketi kwa baridi. Stesheni ya Dar es Salaam ilisema Kiswahili kizuri, ila ilitufikia imechoka, kama msafiri aliyetembea njia nzima kwa miguu. Stesheni ya Nairobi ilikuwa na nguvu, lakini timu zake hatukuzijua hata kwa ndoto. Stesheni ya Lusaka, ng'ambo ya mpaka, ilisikika kana kwamba mtangazaji amesimama dukani kwa Bwana Nassoro, na kila Jumamosi alasiri ilitangaza mpira wa timu za migodi ya shaba.

Migodi ile ndiyo iliyokuwa imebeba vijana wetu. Nyumba chache sana za hapa hazikuwa na mtu kule. Wenye migodi walipenda mpira kwa sababu zao wenyewe, na mchezaji hodari aliondolewa chini ya ardhi na kupewa kazi nyepesi ya juu, ili miguu na mikono yake isiharibike. Mtu alikula kwa mpira, ingawa kwenye karatasi alikuwa mchimbaji. Sisi tulipofungua Lusaka hatukuwa tunasikiliza wageni. Tulikuwa tunasikiliza kaka zetu.

Mtangazaji alisema Kibemba. Mkalimani wetu alikuwa Ladislausi, aliyewahi kufanya kazi kule akarudi na kofia ya mchimbaji na majivuno yake. Alisimama kando ya redio na kutafsiri kwa mikono yote miwili.

"Anapanda na mpira! Anapanda! Amewapita wawili, amewaacha wamekaa chini kama wanasubiri ugali!"

"Ladislausi, yule kasema maneno matatu, wewe umetoa kumi."

"Kibemba ni kama unga wa ulezi, ndugu yangu. Ukiupika unavimba."

Kipa wa timu mojawapo alikuwa Gaudensi, kijana wa Izia, hapa jirani, mtoto wa Mzee Fulgensi. Jina lake likitajwa, ukumbi mzima uliinuka. Baba yake tu ndiye hakuwapo. Gaudensi aliondoka bila kuaga, na mama yake alipofariki hakuja kumzika. Tangu hapo mzee hakutaka kumtaja. Tulipompelekea habari kwamba mwanawe amekuwa kipa mashuhuri, alitukatisha.

"Mtu mzima analipwa kwa kudaka mpira? Mnanicheka mimi na ndevu zangu."

"Njoo usikie mwenyewe, Mzee," nilimwambia.

Aliendelea kuchambua mbegu zake. Kisha akasema, "Siku nitakayolisikia jina lake kwa masikio yangu, nitamwita arudi nyumbani."

Bwana Maendeleo wa kwanza, yaani mkuu wangu wa kazi, alikuwa Mwingereza mzee mwenye maumivu ya mgongo. Alituachia tusikilize tulichotaka, mradi mazungumzo ya kilimo tuyasikilize kwanza. Alipokwenda kwao aliletwa mwingine, kijana mwenye magoti mekundu, ambaye Dar es Salaam alikuwa akicheza mpira wa magongo katika klabu ya wenzake. Wiki ile ile alikuja ukumbini akamkuta Ladislausi amepanda juu ya benchi.

"Hii stesheni gani?"

"Lusaka, Bwana."

"Betri hii ya serikali ya Tanganyika. Hapana kulisha serikali nyingine."

Akaleta waya na lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia mifuko ya posta. Akasogeza kifungo cha kutafutia stesheni mpaka Dar es Salaam, akakifunga kwa waya, akadondoshea lakiri juu yake na kuipiga mhuri. Karani Mkuu, mtu wa Tabora aliyekuwa ameona mengi, aliniambia baadaye, "Usishindane naye. Hapo kuna amri, na nyuma ya amri kuna mtu aliyeikumbuka klabu yake." Kweli, alasiri za Jumamosi stesheni ya Dar es Salaam ilisoma kwa Kiingereza habari za mechi za magongo. Nyumbani Bwana Maendeleo alikuwa na redio yake, lakini eriali yetu ilikuwa ndefu zaidi na udongo wetu ulikuwa umelowa. Aliketi kwenye kigoda changu akasikiliza, na sisi tukasikiliza naye bila kujua nani amempiga nani.

Siwaambii kwamba stesheni ya Dar es Salaam ilikuwa mbaya. Ilikuwa na watu wake. Wale waliokuwa wakiingojea alasiri zile hawakuwa sisi.

Ikafika Jumamosi ya fainali. Timu ya Gaudensi, kwa habari za wachimbaji waliorudi likizo, ilikuwa inagombea kombe, na Bwana Maendeleo alikuwa amekwenda Mwimbi kukagua mashamba. Mchana, nikiwa na ndoo yangu nyuma ya ukumbi, nilimwona Mzee Fulgensi akija kwa njia ya Izia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kiti changu kiko wapi?"

Watu walipokaa, wote waliniangalia mimi. Niliiangalia lakiri, halafu nikamwangalia mzee, aliyekuwa ameshika kofia magotini kama mtu anayengoja kubatizwa. Nikachukua koleo nikaukata ule waya. Vijana wanaponiuliza kama nilijuta, jibu ni hapana. Kati ya yote niliyoyafanya katika kazi ya serikali, lile ndilo ambalo ningelirudia.

Lusaka ikaja safi. Mechi ilikuwa sare na ilikuwa inaelekea kwisha. Ladislausi siku ile hakuongeza chumvi, alitafsiri taratibu, mdomo wake karibu na sikio la mzee. Mara akasita.

"Nini?" mzee akauliza.

"Penalti. Dhidi yao."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Wamemwacha Gaudensi peke yake golini, Mzee. Mmoja anapiga, yeye anadaka. Wenzake wote wamewekwa kando."

"Hakuna wa kumsaidia?"

"Hakuna."

Mzee Fulgensi akasimama. Ndani ya redio kelele za watu zilishuka, na mtangazaji akalitamka jina kwa sauti ya chini, polepole: Gaudensi. Mzee akageuka kututazama, uso wake umefunguka wote.

"Amemtaja," alisema. "Mmesikia? Amemtaja mwanangu."

Hapo mlango ulifunguliwa. Bwana Maendeleo alikuwa amerudi kutoka Mwimbi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiwahi saa yake ya magongo. Aliona waya uliokatwa. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya mabenchi, akaweka mkono kwenye kifungo, akakizungusha. Ukaja mkwaruzo, kisha sauti ya Kiingereza.

"Bwana, tunakuomba," Ladislausi alisema. "Kidogo tu, penalti ipigwe."

"Kidogo ni betri."

"Bwana," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha Kifipa, "mwanangu yumo mle."

"Mle hapana mtu, mzee. Sauti tu."

Akaketi kwenye kigoda changu. Baadaye kidogo alitabasamu na kujipiga goti, nadhani klabu yake ilishinda. Naye alikuwa shabiki, hilo sikumnyima. Aliijua vizuri ile hamu ya kutaka kusikia, tena ndiyo iliyomrudisha mbio kutoka Mwimbi. Ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe. Mtu asiyejua angekuwa na udhuru.

Tulisimama nje kwenye upepo. Mzee Fulgensi alitupitia mmoja mmoja, akiuliza neno lile lile.

"Aliudaka?"

Hakuna aliyejua. Bwana Nassoro alitoka dukani akasema lori lake likipata njia ataulizia mpakani. Mzee akamshukuru. "Wakimwona, wamwambie aje anieleze mwenyewe," alisema. Usiku ule mvua za kwanza zilinyesha, na barabara ikafunga.

Jumatatu Karani Mkuu alinisomea uhamisho bila kuniangalia usoni: Kipili, gatini kule ziwani, kupokea mizigo ya meli. Kule hakukuwa na redio. Mkuu wangu mpya alikuwa Msimamizi wa Gati, mtu wa kufuata saa, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye joto la ziwa nikionyesha wapagazi gunia lipi liende wapi. Nilijifunza na hilo pia. Mzigo wa chumvi hauwekwi upande wa upepo, na samaki wakavu hawawekwi karibu na unga.

Mvua zikiwa bado zinaendelea, meli iliyotoka Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, ilimshusha mchimbaji mmoja mwenye sanduku la bati. Nilimsikia akisema Kibemba na mwenzake, nikamwendea kabla hajapata pa kuketi.

"Ndugu, fainali ile ya migodi uliisikia?"

"Kuisikia? Nilikuwa nyuma ya goli!"

"Penalti. Gaudensi aliudaka?"

Akacheka. "Aliukumbatia kama mtoto mchanga. Halafu kabla dakika hazijaisha, wenzake wakafunga. Walimbeba mabegani mpaka kambini."

Nilikimbia kwa Msimamizi wa Gati kuomba ruhusa nipande Izia kwa miguu.

"Likizo kwa ajili ya mpira?"

"Kwa ajili ya mzee mmoja, Bwana."

"Baba yako?"

"Siyo baba yangu."

"Basi siyo likizo."

Nikampa maneno Mama Sabina, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akipanda milima ile na tenga kichwani hata wakati wa matope. Nilimfundisha kama katekista: nenda moja kwa moja kwa Mzee Fulgensi, mwambie, aliudaka. Aliondoka akilirudiarudia. Aliporudi, aliteremsha tenga kwanza, akakaa.

"Ulimkuta?"

"Nimekuta kaburi jipya, mwanangu. Kifua, wanasema. Baridi ya mvua hizi."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda mpaka mjini, kwenye pombe walikokuwa wamekaa wale wenzako wa redio. Nikawaambia, aliudaka. Wee! Waliinuka wote, wakapiga kelele, yule Ladislausi akapanda juu ya kiti kama mpira unachezwa pale pale. Halafu mmoja akaangalia upande wa Izia. Basi wakakaa, mmoja mmoja. Hata pombe hawakumaliza."

Gaudensi hakurudi. Aliyeapa kumwita alikuwa hayupo tena.

Baada ya Uhuru nilirudishwa Sumbawanga, nikautunza ukumbi ule ule mpaka nilipostaafu. Redio ziliongezeka, kisha zikaja televisheni, na leo kifungo kimekuwa kitu kidogo cha kushika mkononi, ambacho wajukuu zangu wananyang'anyana. Wanajua majina ya makipa wa Ulaya na mitaa waliyozaliwa. Vijana wa Izia wanacheza kila Jumapili kwenye uwanja wenye mashimo, na sijasikia kituo chochote kikimtaja hata mmoja. Wananiuliza, "Babu, kipi bora?" Nawaambia, picha ikiwa safi ni vizuri. Lakini ulizeni pia ni nani ameshika kifungo, na anamsikilizia nani.

Mpira wakiufungua, mimi hukaa nao. Penalti ikitolewa, huinuka, nikavuta kiti mpaka ukutani, nikaifunika swichi kwa kiganja.

"Babu naye," mdogo wao husema. "Hakuna anayeizima."

"Najua," humjibu. "Wewe tazama. Ukishapigwa, niambie kama ameudaka."