Siti ya Pili ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa na gari ambalo ukitaka kulipanda inabidi ushuke. Jekundu, la spoti, milango miwili, siti mbili, tumbo limelala juu ya lami. Mtaani waliliita Kobe, ingawa kobe wa kweli hubeba nyumba nzima mgongoni, na huyu alishindwa hata na gunia la viazi. Kila tuta la barabarani lilikuwa mtihani. Kinyozi alilivuka kwa mshazari, uso kaukunja kana kwamba anayekwaruzwa tumbo ni yeye.

Siti ya dereva ilikuwa imechakaa, ngozi imepasuka pale paja linapokaa. Siti ya pili bado ilikuwa na nailoni ya fundi aliyeishonea kava.

"Kinyozi, ile siti ya pili umemwekea nani?" kijana mmoja alimuuliza, shingo kaifunga kitambaa, mashine inapanda kisogoni.

"Koti langu."

"Koti lina bahati. Umeshalivisha pete?"

Benchi zima likacheka. Kinyozi naye akacheka, akamwinamisha kichwa kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Ndivyo siku zilivyokwenda: maneno mengi, vichwa vingi, halafu jioni anafagia nywele za watu, anafunga mlango, anarudi kwenye chumba ambacho mwenye sauti kubwa kuliko wote ni birika.

Sasa, mlango wa dereva wa Kobe ulikuwa umeharibika kitasa. Kwa muda Kinyozi aliingilia upande wa abiria, anatambaa juu ya gia, mguu mmoja umebaki nje kama wa panzi, na watoto wa mtaa wamejipanga kutazama. Akachoka kuwa sinema ya bure. Akalipeleka gereji kwa fundi aliyeitwa Dakika Mbili, kwa sababu kila kazi kwake ilikuwa ya dakika mbili, hata ile iliyochukua wiki.

Gari lilirudi linang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Mlango wa dereva ulifunguka, ila mshikio ulitaka kusukumwa juu badala ya kuvutwa.

"Mbona umegeuka?" Kinyozi aliuliza.

"Ndo mtindo wa spoti," alisema Dakika Mbili.

Kinyozi akaridhika. Mlango wa pili hakuugusa. Angeugusa kwa ajili ya nani?

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ikalia saluni. Alikuwa dada yake.

Huyu dada ndiye aliyemlea Kinyozi baada ya mama yao kufariki. Mgongo wake ndio gari la kwanza Kinyozi alilowahi kupanda, na lile halikuwa na habari za matuta. Lakini siku alipompelekea Kobe alione, dada alilizunguka, wajukuu nyuma yake kama vifaranga, akahesabu siti, akamaliza mapema.

"Umenunua gari la kukataa watu," akasema.

Ilikuwa utani nusu. Ile nusu nyingine ilimwingia Kinyozi kama mwiba wa samaki: hautoki, haumezeki. Tangu hapo alikwenda kwa dada mara chache, kisha mara chache zaidi, mwisho ikawa salamu za simu tu.

"Mdogo wangu, uko hai?" dada aliuliza sasa.

"Niko, dada."

"Mimi nusu. Niliteleza bafuni, goti likaniaga. Wamenifunga plasta kuanzia pajani, na leo wananitoa hospitali. Mwanangu yuko safarini na lori lake. Njoo unichukue."

"Hujaniambia umelazwa."

"Hujaniuliza. Njoo."

"Nikuletee teksi nzuri, dada, yenye nafasi..."

"Nimesema teksi? Nimesema wewe, na hilo ligari lako. Nataka nilione linavyonikataa."

Mteja aliyekuwa kitini alinyolewa kwa kasi ya kunyoa kondoo. Kinyozi akafunga saluni. Ndani ya gari akajinyoosha kutoka upande wake, akachana nailoni, akapangusa siti ya pili, akaisukuma nyuma mpaka mwisho ili mguu ule upate pa kunyooka. Koti akalivaa, maana sasa halikuwa na pa kukaa. Njia nzima alikuwa akijiambia kimoyomoyo: akikaa tu. Akikaa humu mpaka kwake, yale maneno yatakuwa yamefutika.

Dada alikuwa getini pa hospitali kwenye kiti cha magurudumu, nesi nyuma yake, magongo mawili mapajani. Alikuwa amepungua. Kinyozi aliliona hilo kabla ya kuona plasta.

"Karibu garini, dada," akasema, na akaenda kumfungulia mlango kwa madaha yote aliyokuwa nayo.

Mshikio ukaja mkononi bila kugombana, ukarudi. Mlango haukusogea. Akavuta tena. Akausukuma juu, labda ni mtindo wa spoti. Wapi.

Askari wa getini akasogea kuangalia. "Mzee, huo ni mlango au ni picha ya mlango?"

Kinyozi akampigia Dakika Mbili. Simu yake ilikuwa ya zamani, sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa askari.

"Fundi, mlango wa abiria haufunguki."

"Haufunguki, ndiyo," alisema Dakika Mbili, kama mtu anayekuthibitishia kwamba jua limetoka.

"Kwa nini?"

"Si nilitoa kitasa cha huko nikakihamishia kwako? Vya gari hilo havipatikani, kaka. Ndo maana mshikio wako unafungukia juu. Nimekigeuza."

"Uliniambia ni mtindo wa spoti."

"Ni mtindo pia."

"Na huku?"

"Huko nikafunga kwa waya, chini pale kwenye siti. Ukawa unagongagonga, nikaziba na puti pembeni, nikapiga rangi. Si ulitoka safi?"

"Hukuniambia."

Upande wa pili nyundo iliyokuwa ikigonga bati ikanyamaza. Dakika Mbili aliposema tena, hakukuwa na mzaha. "Kinyozi, wewe siku zote uko peke yako. Nikaona huo mlango hauna kazi."

Nesi akatazama saa yake. Askari akakumbuka ana geti la kulinda. Kinyozi alibaki na simu sikioni ingawa ilishakatika.

"Amesemaje?" dada aliuliza, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

"Anasema dakika mbili."

Dada akamwangalia. "Tuite teksi, mdogo wangu. Gari nimeshaliona. Ni zuri."

Alisema kwa upole, bila utani hata chembe, na hiyo ndiyo iliyouma. Angemcheka, ingekuwa nafuu.

"Subiri," alisema Kinyozi.

Mfukoni mwa shati alikuwa na mkasi wake mzuri, ule ambao hata vinyozi wenzake hawakuruhusiwa kuushika. Akaingia upande wa dereva, akapapasa chini ya siti ya pili, akaupata waya. Akauuma kwa mkasi. Waya ukakatika, na mkasi ukabaki na pengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akalala chali juu ya siti zote mbili, kichwa chini ya usukani, akaukunja mguu, akaupiga mlango teke.

"Kazana, mzee," askari alisema kutoka getini, kwa sauti ya mkunga. "Ni wa kike au wa kiume?"

Teke la pili. La tatu. Puti ikapasuka kwa nje kama ganda la yai, rangi nyekundu ikamwagika miguuni kwa nesi vipande vipande, mlango ukafunguka wote na kubaki ukining'inia.

Nesi akamshika mkono dada, Kinyozi akaubeba mguu wa plasta kama anabeba kioo. Dada akashuka, akashuka zaidi, akafika. Akaipapasa siti.

"Ni laini," akasema.

Mlango ulikubali kurudi lakini haukukubali kushika. Basi dada akaudaka kwa ndani, akaushikilia kwa mkono, na wakaondoka mwendo wa harusi.

"Kona ichukue taratibu, mlango unanivuta."

"Sawa, dada. Hiyo siti huwa ya koti langu."

"Kwa hiyo siku zote humu linapanda koti."

"Koti halina maneno mengi."

Dada akacheka, kisha akaacha. "Siku ile nilitania."

"Nusu."

"Nusu," alikubali. "Ila hukuwahi kuuliza nusu ya pili ni ipi."

"Ni ipi?"

"Siti zilikuwa mbili, mdogo wangu. Hukunikaribisha hata hiyo moja."

Kinyozi akakazia macho barabara. Ilikuwa kweli. Siku ile alizitazama ndala za wajukuu zenye matope, akaacha milango imefungwa, funguo mfukoni. Tuta likaja. Akalivuka kwa mshazari, na kwa mara ya kwanza hakulisikia likikwaruza.

Kwa dada, wajukuu walimpokea bibi yao kwa fujo, wakampitisha ndani, na uwanja ukabaki mtupu ghafla. Kinyozi akawasha gari. Kabla hajageuza, mlango ukafunguka wenyewe na kumpungia.

"Wewe," dada aliita kutoka dirishani. "Nani atakushikia?"

"Nitaushika mwenyewe."

"Kwa mkono upi?"

Akamtuma mjukuu na gongo moja. Kichwa cha gongo wakakinasisha kwenye mshikio wa ndani, ncha ikapita juu ya siti mpaka chini ya paja la Kinyozi.

"Kalia hapo. Ukifika kwenye kona, kaza paja," dada alisema. "Ila nina magongo mawili tu, na kesho nitataka kutembea."

Njiani alipita gereji. Dakika Mbili akatoka na kitambaa mkononi, akaona mlango uliochubuka, gongo, na mtu aliyelikalia.

"Lete niuzibe tena. Dakika mbili."

"Kitafute kitasa."

"Vya gari hilo havipatikani, kaka."

"Kitafute," alisema Kinyozi. "Keshokutwa nakuletea gari. Kesho nina safari."

Akaondoka polepole. Siti ya pili ilikuwa na gongo tu, na vumbi la plasta pale mguu ulipokuwa, naye hakulipangusa. Kwenye kona mlango ukajaribu kwenda zake. Akakaza paja, gongo likauvuta, ukarudi.