Nirudishie Alichokwambia

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hadubini wala kalamu. Mkuu wa Kituo chetu cha utafiti wa ziwa alinivusha kutoka Mwanza hadi mwalo mmoja, ufuko wanaposhushia samaki, jirani na Kamanga, akanisimamisha mbele ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa, akasema, "Waeleze kwa nini maji yamekuwa ya kijani." Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu mbichi, nikawaeleza kwelikweli. Nilipomaliza, Mkuu alimgeukia msichana mmoja aitwaye Minza.

"Nirudishie alichokwambia."

Minza alifikiri. "Amesema ziwa linaumwa kwa sababu yetu, na serikali inakuja kutuhamisha."

Mkuu hakucheka. "Hicho ndicho ulichosema," akaniambia. "Mengine yote yamebaki kichwani mwako. Anza upya."

Nilianza upya mpaka jua likawa kali na dagaa wakakauka.

Wengi hudhani kituo cha utafiti kazi yake ni kupima tu. Ni kweli wenzetu walikuwa wakishusha majini kisahani cheusi na cheupe kuona kinapotea kwenye kina gani, wakachota na sampuli, yaani maji kidogo ya kwenda kuchunguzwa maabara. Sisi wa mawasiliano kazi yetu ilikuwa kurudisha majibu. Kuchota maji ya mwalo wa watu kisha ukanyamaza ulikuwa mwiko. Tena majibu hayakuhesabika kuwa yamefika mpaka msikilizaji akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea yeye, umekosea wewe. Nilipohamishiwa kisiwani, Nansio, nilidhani nimelikwepa zoezi hilo, kumbe Msimamizi wa kule naye alifundishwa na Mkuu. Wazee wa Kikerewe walinirudishia mambo ambayo sikuyasema hata ndotoni.

Niliporejea Mwanza nilimkuta Mkurugenzi mpya, mtu nadhifu, mpenda mabango. "Mama, dunia inakwenda mbio," alikuwa akiniambia. "Hatuwezi kumsubiri kila bibi arudie somo." Mabango yakabandikwa kila mwalo, na haukupita muda watu wakawa wanayafungia vitumbua. Nilistaafu nikiwa na hasira, sifichi.

Mkuu alipofariki, sisi aliotulea kikazi tulikataa jina lake lizikwe naye. Tulichanga pamoja na familia yake, na chuo kikakubali kuanzisha ufadhili wa kumbukumbu yake kwa shahada ya uzamili ya mawasiliano ya sayansi, ili kila mwaka asomeshwe kijana mmoja ajue kuwaeleza watu sayansi wasiyoisomea. Tuliweka sharti moja tu: kabla ya kuhitimu, aupeleke utafiti wake mwaloni, auseme kwa Kiswahili, na arudishiwe. Nilifurahi kuliko nilivyoifurahia harusi yangu.

Mwaka huu sharti limefutwa. Mwenyekiti wa kamati ya ufadhili alisema halina alama, na badala yake kutakuwa na wasilisho ukumbini. Nilipinga peke yangu, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyefadhiliwa safari hii ni binti kutoka Buswelu, ana adabu na akili nyingi, wala simchukii. Kwa ajili ya tasnifu yake alichota maji mwaloni kwao Minza, ambaye sasa ni bibi. Maji ya pale yamezidi kuwa na utando wa kijani na harufu, wajukuu wake wanaharisha, na hakuna mengine karibu. Minza aliposikia kuna wasilisho, alivuka na kivuko amevaa kitenge kipya. Walimkalisha mstari wa mbele, wakampiga picha.

Binti alizungumza Kiingereza kizuri, akapigiwa makofi. Nilinyoosha mkono nikaomba Minza arudishe alichosikia.

"Muda umetubana, mama," Mwenyekiti akasema. "Twende tukanywe chai."

Kwenye chai nilimfuata binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yale maji yanafaa kunywewa au hayafai?"

Alitazama kikombe chake. "Sina ruhusa ya kusema, mama, mpaka tasnifu ipite na matokeo yachapishwe. Ndivyo chuo kinavyotaka."

Nilimsindikiza Minza kivukoni. Nilimwambia asichote penye utando, na kwamba kuchemsha hakuondoi sumu ya utando huo.

"Hayo uliniambia tukiwa wasichana, dada," akasema. "Mimi nimefuata majibu ya maji yangu."

Kwa mazoea tu, nilimwambia anirudishie alichosikia ukumbini. Alifikiri kama siku ile.

"Nimesikia jina la Mkuu. Wamelitaja vizuri. Mengine sikuyapata." Akakaza kitenge chake. "Sasa kesho wale watoto wakiamka na kiu, niwape nini?"

Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kujibu maswali ya namna hiyo. Kivuko kilipiga honi, Minza akapanda na swali lake.