Gemu ya Laki Moja na Sabini na Tano Iliyoisha kwa Saa Tano

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, majina mengine nimeyabadilisha. Mtaa wetu wa Rusimbi unaweza kuutaja, mabanda ya gemu huku ni mengi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, nina mume na binti mmoja. Nilivuka ziwa kutoka Kongo nikiwa na miaka minane, tukaishi kambini, baadaye mama akaolewa Ujiji. Sikupewa mtaji na mtu. Niliuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga, kwa kisado, lile kopo la kupimia, mpaka nikanunua televisheni na mashine ya gemu iliyotumika, elfu tisini, kabla sijaolewa. Hilo la kabla sijaolewa naomba mlishike.

Gemu iliyonilisha ni ya zamani. Watu wawili wanacheza pamoja, wanavuka miji kumi na miwili iliyozama majini wakitafuta ndugu zao. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia, ukipotea umepotea. Sasa, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kubwa, maana taa zao hazivuti kitu. Siku hizo, tano kila mwezi, mchana wanakuja kwangu. Boti tatu, kila boti na kumbukumbu yake ndani ya mashine, na mbalamwezi ikirudi wanaendelea walipoishia. Saa moja elfu moja, saa nne kwa siku: kila boti elfu ishirini, jumla elfu sitini. Walikuwa wamenichezea miezi kumi na ndiyo kwanza wako mji wa saba.

Mume wangu ana bodaboda, banda halijui. Mwezi uliopita alichukua hela niliyoweka ya betri ya sola akanunua gemu hiyohiyo iliyotengenezwa upya, laki moja na sabini na tano, bei kamili kama kitu kipya. Tukaiweka kwenye mashine nyingine tuliyo nayo bandani, ya gemu za mpira. Kweli picha zinang'aa, maji unayaona yanatembea. Lakini miji kumi na miwili imebaki mitano. Mchezaji wa pili wamemtoa. Mafumbo wameyatoa, wameweka mshale mwekundu unaokuvuta kama mbuzi wa sadaka. Hao waliotengeneza nawauliza: mkipunguza kisado, bei mnaiachaje palepale? Ningefanya hivyo mimi Katonga, ningemwagiwa dagaa kichwani.

Na mimi nina kosa langu, sifichi. Ili nirudishe hela, nilipandisha saa moja kuwa elfu moja na mia tano. Boti ya kwanza kuikalia ilikuwa ya Mzee Kashindi, Mkongo mwenzangu, mtu mzima anayeheshimika kule mwaloni. Mmoja anacheza, wenzake wamekunja mikono. Saa tano tu, gemu imeisha, ndugu wamepatikana, wanakumbatiana kwenye kioo. Mzee akaweka padi chini taratibu.

"Mama Neema, umetulipisha nauli ya Kalemie, umetushusha Kibirizi."

Banda zima likacheka, maana Kalemie ni ng'ambo ya ziwa na Kibirizi ni hapa jirani. Boti nyingine mbili walikuwa wameshaona mwisho kwa kuchungulia mabegani, wakaenda zao. Laki moja na sabini na tano imeniingizia elfu saba na mia tano.

Nilipomweleza mume wangu, akasema wavuvi ni washamba, hawajui kitu kizuri, na kwamba sasa mashine ya zamani haina kazi kwa sababu gemu ni ileile. Nikamwambia mimi siuzi picha, nauza saa. Akaniambia mwanamke akishika vijihela anajiona mhasibu. Kumbe ameshaipatia mteja wa Kidahwe, elfu themanini, na nusu ameshaipokea na kuitumia. Mashine yangu. Na miezi kumi ya watu imo ndani yake.

Leo Jumanne, alipokuwa kwenye pikipiki, niliitia kwenye gunia la dagaa nikaipeleka Katonga kwa rafiki yangu. Nilitaka kununua muda tu, mbalamwezi irudi, wavuvi wamalizie safari yao.

Jioni akakuta meza tupu. Hakuniuliza hata swali moja. Akakaa, akavuta sahani ya ugali, akasema, "Ni wakimbizi hawa. Yule Kashindi aliyekudhihaki ndiye kaiba. Hawa watu ukiwapa kiti wanabeba na nyumba."

Anasema hayo mbele yangu, ugali nimesonga mimi. Miaka tisa ya ndoa.

Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilikuwa nahofia kauli yake ya siku zote, kwamba kitu kikitoka nyumbani kwake bila ruhusa na mke atoke nacho. Kesho anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki mzee wa watu. Nanyi mnajua hali ilivyo huku tangu watu waanze kumiminika tena kuvuka. Mkongo akitajwa kwa wizi, anaulizwa karatasi kwanza, mashine baadaye. Mzee Kashindi ana karatasi zake na za mkewe, za wanawe wawili hana.

Nikisema, nitaonekana mwizi wa mali yangu mwenyewe, na mteja wa Kidahwe atadai elfu arobaini yake. Nikinyamaza, mtu ataulizwa maswali yanayoweza kumrudisha kambini na wanawe kwa kitu kilichomo kwenye gunia nililofunga mimi.

Msiniambie nivumilie, neno hilo nimelila sana. Na wa kusema ni gemu tu, apite. Mume wangu anatoka saa mbili asubuhi. Nimwambie kabla hajavaa viatu, au nimtangulie kwa mwenyekiti na gunia langu kichwani? Nisaidieni mawazo sasa hivi, kesho mchana hayatanifaa.