Barza ya Mama na Nyuki Watoboa Mbao

Sisi tuliokulia Kolwezi wakati king'ora cha mgodi kilipokuwa saa ya kila nyumba, hatukuhitaji kalenda kujua kwamba kiangazi kinakaribia mwisho. Nyuki walitwambia. Sisemi wale wadogo wa asali. Nasema wale weusi, wanene kama kidole gumba cha mtu mzima, wenye mkanda mweupe mgongoni. Jua likishapasha mabati joto, walianza kuvuma mbele ya barza yetu kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha mmoja mmoja wakaingia ndani ya mbao. Ndiyo, ndani ya mbao. Walitoboa shimo la mviringo kamili, safi kuliko lililotobolewa na fundi.

Barza yetu ilikuwa tofauti na za majirani, ambao walikuwa na saruji. Tata, baba yetu, alikuwa seremala katika karakana ya mgodi, na alikuwa na ruhusa ya kuchukua mbao za makasha yaliyoleta mashine. Kwa mbao hizo alijenga sakafu pana mbele ya nyumba, akaiinua juu ya nguzo ili maji ya mvua yapite chini. Pale ndipo tulipokula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, watoto sita kuzunguka sahani moja, mkono wa mchelewaji ukikuta mchuzi tu. Pale ndipo nilipojifunza kusoma. Pale mama alikaa jioni na kikombe chake cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, maracuja yake, yale mapasheni, yakitambaa juu ya waya hadi paa. Mbao za makasha ni laini. Nyuki hawakuamini bahati yao.

Kila Jumamosi, kabla ya mtu kushika ufagio, sisi watoto tulikuwa na kazi. Tulitambaa sakafuni tukitafuta unga wa mbao, kwa sababu nyuki akitoboa, huacha chini kirundo cha unga laini wa rangi ya manjano. Ukiona unga, unatazama juu yake, na shimo utalikuta. Katika kazi hiyo hakuna aliyenishinda. Ndugu zangu watano wako hai, waulizeni.

Tulicheza nao pia. Katika nyuki hao kuna wenye manyoya ya manjano, na hao ni madume, hawana mwiba. Hilo tulilijua kabla ya jedwali la saba. Tulimkamata dume kwa kopo, tukamfunga uzi wa kushonea, akazunguka juu ya vichwa vyetu huku tukimwongoza kama ndege ya rais. Siku moja nilimpeleka mmoja shuleni ndani ya kiberiti. Kiberiti kikafunguka wakati wa hesabu. Mwalimu wetu, mtu mzima mwenye tai, alipanda juu ya benchi. Nilifagia uwanja wa shule wiki nzima, na nyumbani tata alijaribu kunikemea lakini bukari ilimpalia kwa kicheko. Vijana wa leo nawapenda, ila juzi niliona msichana wa chuo kikuu akikimbizwa na dume la manjano hadi barabarani. Alikuwa ameshaanza kujipiga video kabla hajajua kama ameumwa.

Tata hakuwahi kuwapiga vita nyuki hao. Alikuwa na namna yake. Kwanza, hakuziba shimo kabla ya kuingiza waya wa baiskeli kuhakikisha kwamba hamna mtu ndani. Alisubiri watoto wao watoke, hata kama ni wiki nyingi. Kisha alichonga kizibo cha mulombwa, mti wetu mgumu mwekundu, akakichovya katika mafuta machafu ya gari na kukigonga. Mbao nzima akazipaka mafuta hayo hayo. Mwisho, alifunga gogo kavu la mti laini karibu na maracuja, likiwa na matundu machache aliyoyaanzisha mwenyewe kwa keekee. "Ukimupa nyuki nyumba yake," alikuwa anasema, "atakuachia ya kwako." Sisi tulidhani ni maneno ya mtu mpole tu.

Alifariki nikiwa sekondari. Nilipata diploma yangu ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nikisoma kwa taa ya mafuta, nikavuka mpaka kwenda Zambia na baadaye Afrika Kusini. Nilianza kwa kubeba zege kichwani kati ya wanaume walionicheka. Miaka kumi na minne baadaye, wawili kati yao walikuwa wananiomba kazi. Nilisoma jioni, nikapata diploma ya ujenzi, na iko ukutani kwangu kwenye fremu. Nilirudi nikajenga nyumba Manika, hapa hapa Kolwezi: vyumba vinne, vigae kila mahali, tangi la maji juu. Hakuna mjomba aliyenisaidia, wala mume. Nasema hivi kwa sababu watu wa Kolwezi wakiona nyumba ya mwanamke hupenda kuuliza ni ya nani.

Nyumba ile niliijenga nikimfikiria mama. Nilipokwenda kumchukua, mguu wangu ulizama kwenye ubao wa tatu. Tangu tata aondoke hakuna aliyeitunza barza. Nguzo zilikuwa na matundu kama filimbi.

"Mama, hapa utavunjika mguu. Twende kwangu."

"Mi shiende," alisema bila kuacha kuchambua sombe. "Hii barza njo nyumba yangu. Kule kwako ni mavigae tu, sawa hospitali."

"Itaanguka."

"Ikianguka, nitakuja. Ikisimama, utaniacha hapa. Si una diploma? Tengeneza."

Tukapatana hivyo. Na hapo nilifanya kosa ambalo ni mtu mwenye diploma tu anaweza kulifanya. Ilikuwa Agosti. Nilikuja na mfuko wa saruji, nikakoroga, nikaziba matundu yote kwa siku moja, thelathini na kitu, nyuki wakiwa ndani. Kisha nikapulizia dawa kali kila kona, hadi kwenye maracuja. Mama alinitazama mikono kiunoni.

"Tata yenu hakufanya bile."

"Tata hakuwa na dawa hii, mama."

"Hakuwa na haraka hii."

Wiki mbili baadaye nyuki niliowafungia walitokea ubavuni. Hawakusukuma saruji, walitafuna mbao zilizobaki, na ubao uliokuwa na tundu moja sasa ulikuwa na matatu. Wale wa nje walikufa au walihama. Maracuja yakachanua sana, maua ya zambarau na meupe, yakadondoka yote. Maua yale yanahitaji mdudu mnene wa kuyasugua, na mimi nilikuwa nimemuua. Mama, ambaye tangu utoto wangu aligawa maracuja kwa mtaa mzima, msimu ule alinyoosha mikono mitupu.

"Maua iko mingi, madame enjenyeri," aliniambia mbele ya jirani. "Matunda njo hakuna hata moja."

Jirani alicheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikakaa mbele ya ile fremu muda mrefu.

Kiangazi kilichofuata nilirudi na ovaroli. Kila Jumamosi, miezi minne, nilikuwa chini ya barza ile nikiwa na waya wa baiskeli. Nilibadilisha mbao zilizokufa, nikaweka mulombwa. Nilichonga vizibo hadi vidole vikachubuka. Nilisubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda kuliko zege. Nililetewa gogo laini kutoka Lubudi kwa treni, nikalifunga karibu na maracuja, nikatoboa matundu manne kama tata, na nyuki wawili wakaja kulikagua siku ileile kama wapangaji.

Na nikiri jambo moja. Boriti moja ya pembeni, chini kabisa ambako mama haoni, ilikuwa imeoza katikati. Nilijua nikiiacha, mvua mbili tatu zitaimaliza, na mama angekuja kwangu kama tulivyopatana. Nilikaa mbele ya boriti ile na nyundo mkononi. Hakuna ambaye angejua. Lakini sijajenga kitu cha kuanguka tangu niache kubeba zege, na sikuwa tayari kuanza na barza ya tata. Niliitoa, nikaweka mpya.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilimkuta mama amepeleka kinu chake katikati ya barza, na ndani yake sombe. Alitwanga kwa mikono miwili, mwili wote ukishuka na mchi. Ubao haukulia. Alitwanga hadi majani yakawa laini, akapangusa jasho kwa kitenge.

"Imesimama," alisema.

"Nimeona, mama."

"Umejishinda mwenyewe, mwanangu." Kisha akaniambia nioshe mikono, tule.

Enzi zile tulilala watoto sita chumba kimoja, na mama akiita usiku, sauti yake ilitufikia sote kabla haijamaliza jina la wa kwanza. Leo watoto wake tumesambaa kutoka Kasaji hadi Johannesburg, kila mmoja na mlango wake na kufuli lake, na tunaitana kwa simu zinazokatika. Sisi tulitamani nafasi, tumeipata. Kwangu Manika chumba cha mama kiko tayari, dirisha linatazama mashariki anavyopenda. Kitanda bado kina nailoni ya dukani. Dada yangu anasema nimpe mtu kitanda hicho. Simpi mtu.