Mama Joto na Wanawe wa Chemchemi

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba chuo hiki kina mlezi wa viumbe wasiojua shukrani: bakteria wa chemchemi ya majimoto, wanaostawi penye joto ambalo wewe na mimi tungeiva. Wenzake maabarani humwita Mama Joto. Vidole vyake vina mabaka ya kuungua, na kila akipita karibu na kabati la joto wanamoishi wanawe, huugusa mlango wake kwa mgongo wa kiganja, kama mzazi anayempima mtoto homa. Wakipoa siku moja tu, kwisha habari yao, na kwenda kuchota wengine haiwezekani: chemchemi imefukiwa, juu yake imesimama hoteli.

Jumatatu walikuja wageni rasmi kuwaona. Mkuu wa idara, mtu wa huruma zake, alikuwa amepitia maabara tangu Ijumaa jioni kukagua usafi, akakuta kabati linafuka, akawaonea imani viumbe wa watu. Akalizima, akawahamishia kwenye friji wapumue.

Mama Joto alipoingia, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mlango wa kabati, ukakuta baridi. Ukabaki palepale.

"Usijali, dada, nimekuokolea," mkuu alimnong'oneza, kisha akawageukia wageni na tabasamu la harusini. "Waheshimiwa, fahari ya chuo! Dada, hebu waambie, vijana wako wanahitaji nini ili wazidi kututoa kimasomaso?"

"Hawahitaji kitu," alisema Mama Joto. "Wamekufa."