Barua ya Kujitoa

Jirani yangu wa ukuta mmoja alifariki Jumanne, na orodha ya kikundi chetu ilitakiwa ofisini Vwawa wiki iliyofuata. Nayasema pamoja kwa sababu yalinijia pamoja. Tulimzika kwao Ileje, tukarudi Tunduma na udongo bado uko kwenye viatu, na humo ndani ya gari mwenyekiti wa kikundi akaniuliza kama ile fomu ya orodha ninayo mimi. Nilikuwa nayo. Mimi ni katibu.

Tulikuwa wanawake watano wa siagi ya karanga. Tunakaanga, tunatwanga, tunafunga kwenye makopo, tunawauzia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Wazo la mashine ya kusagia lilikuwa lake, huyo jirani. Ndiye aliyesikia kwenye mkutano wa mtaa kwamba serikali inakopesha vikundi vya wanawake bila riba, ndiye aliyetukusanya, na katiba ya kikundi tuliiandikia mezani kwake huku akinigombeza kwamba naandika polepole mno. Bila mkopo ule tungebaki na kinu, na mabega yetu yalishachoka.

Mpango wenyewe siusemi vibaya, umeinua wengi. Ila sharti lake ni kwamba kikundi kisipungue watu watano, na sisi tulibaki wanne. Mama mmoja muuza vitumbua akakubali kuingia. Mwenyekiti akampigia simu afisa wa maendeleo ya jamii, akauliza kijuujuu tu, mwanachama akitoka tunafanyaje. Afisa akamweleza vizuri: kama amefariki, leteni cheti cha kifo; kama amejitoa, leteni barua yake na muhtasari wa kikao. Cheti hatukuwa nacho. Mume wake alibaki Ileje, simu yake haipatikani, na hata ingepatikana, nani angekuwa na uso wa kumuuliza mtu aliyefiwa juzi habari za cheti? Mwenyekiti akakata simu, akanigeukia.

"Katibu," akasema, "andika amejitoa."

Siku nyingine ningekataa. Mimi nina mdomo, muulize yeyote pale sokoni. Siku ile mdomo haukuwepo. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa. Nilijaribu kumkumbuka ili nipate uchungu, wapi, haukuja. Nikachukua karatasi yenye mistari, nikaandika kwa jina lake: naomba kujitoa kwa hiari yangu kutokana na majukumu ya kifamilia. Nikafikiri kidogo ni majukumu gani hayo, nikaona neno linatosha. Nikaongeza kwamba anawatakia wenzake kila la heri, kwa kuwa barua za namna hiyo humalizika hivyo. Sahihi yake niliijua. Alikuwa anaandika jina zima, herufi moja moja, na mkia mrefu mwishoni. Niliweka na mkia.

Kikao tulikifanya uani kwa mwenyekiti, saa nne asubuhi, na mama wa vitumbua alisubiri nje kwa sababu alikuwa bado si mwanachama. Nikaisoma ile barua kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti akasema wanaoafiki aondoke wanyooshe mkono. Wawili wakanyoosha, naye akanyoosha, halafu wakanisubiri mimi. Nikanyoosha. Nikashusha, nikaandika kwamba wajumbe wote waliafiki, tukanywa chai. Aibu ilikuja baadaye sana, na mpaka leo inanijia kidogo kidogo, nikiwa nafua au nasubiri maji bombani.

Maombi yetu yalipita. Siku ya kukabidhiwa tulikwenda Vwawa wote watano, tumevaa vitenge vya sare, na mashine ilikuwa pale sakafuni bado ina karatasi zake. Yule afisa alikuwa amechangamka. Ni mtu mwenye adabu, na hana kosa lolote katika haya. Alifungua faili letu, akapitia karatasi moja moja, akaifikia ile yenye mistari, akatabasamu.

"Huyu mwenzenu aliyejitoa," akasema, "akiiona hii mashine atajuta."

Wenzangu wakatazama chini. Kwenye mambo ya ofisi, anayejibu kwa niaba ya kikundi ni mimi.

"Atajuta kweli," nikasema.